Kijani cha Gaspari

Mwaka ule wanaume wa Morogoro walikuwa wanajifunza kutembea upya. Watu wazima, wana ndevu, wana watoto shuleni, unawakuta wamepanga mstari kwenye ghala la zamani la katani kule Kihonda wanafundishwa namna ya kuweka mguu chini. Na mwalimu wao alikuwa Gaspari Mkude, kijana wa Bigwa, mrefu, mkavu, mwendo umenyooka kama umepigwa rula.

"Kiuno kilale," alikuwa anawaambia. "Wewe wa shati la bluu, kiuno chako kinasalimia watu. Kilaze. Na huo mkono usiuache nyuma kama umesahau kitu sokoni."

"Mwalimu, mimi ndivyo nilivyozaliwa."

"Kizingiti hakijui ulivyozaliwa. Kinajua unavyopita. Rudia."

Wenzake wakacheka, lakini cheko la kifuani, la kubana. Hata kucheka walikuwa wamefundishwa.

Kizingiti ndicho kilichowaleta wote pale. Kilikuwa fremu ya mlango tu, chuma chepesi, unaikunja unaitia begani. Mtu akipita katikati, kinamsoma: kiuno kinavyozunguka, kiganja kinavyoning'inia, shingo, macho yanatua wapi, sauti yake akitaja jina. Halafu taa ya juu inawaka. Kijani, wewe ni mwanaume wa kuoa. Rangi ya papai, wewe ni wale. Hakuna aliyesema wale ni akina nani, na hakuna aliyeuliza. Mtaani jambo hilo lilishapewa jina, "kapata papai," na mtu akishapata papai basi mwenye nyumba wake anakumbuka ghafla kwamba kuna mpwa wake anahitaji chumba kile kile. Kazini nako wanagundua walikuwa wamezidi mmoja. Kuoa ndiyo usahau kabisa. Wakwe gani watakupokea na papai lako?

Kilianza kwa matajiri, kikashuka. Ikafika mahali kizingiti kinakodishwa kwenye gari moja na turubai, viti na spika. Posa bila kizingiti ikawa kama pilau bila nyama, watu wanakula lakini wananuna.

Sasa, Gaspari alijulia wapi kukipita? Hapo ndipo penye kitu. Alianza zamani, kizingiti hakijaja hata kwenye ndoto ya mtu. Yuko darasa la tatu, wavulana wakamwona anavyotembea kwenda bombani, wakamwiga, wakaanguka chini kwa kucheka. Kuanzia siku hiyo akawa anakwenda peke yake kwenye reli ya zamani, anatembea juu ya chuma, mguu mbele ya mguu, jua kali, mpaka ule mwendo wake wa kwanza ukamtoka mwilini. Gaspari alikuwa anapenda wanaume. Wakati huo alikuwa hajui jina la jambo hilo, alijua tu kwamba linafichwa. Akalificha vizuri mno. Kila kizingiti alichopita kilimpa kijani, tena kijani kile cha haraka, hakisitisiti.

Alikuwa na mtu wake, Method, dereva wa lori la saruji njia ya Iringa. Kifua pipa, sauti ya kukimbiza mbuzi. Naye kijani. Wakikaa wawili walikuwa wanakicheka kizingiti mpaka machozi, kisha mmoja anaacha kucheka, na mwingine anaacha.

Siku ile darasa lilipoisha, Sadoki alikuwa ameketi mlangoni anakula mahindi ya kuchoma.

Sadoki na Gaspari walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Kazi yake ilikuwa kupanda Uluguru kutengeneza nyavu za ukungu, zile nyavu ndefu zinazokamua maji hewani na kuyashusha mjini. Mikono imechanika kwa waya, miguu ya mbuzi wa milimani. Lakini akitembea sasa. Mama yake alikuwa muuza maandazi, hana binti, kwa hiyo Sadoki ndiye aliyebeba sinia kichwani mtaa kwa mtaa tangu ana miaka sita. Na mtu aliyekulia chini ya sinia hatembei kama wewe. Kichwa hakitikisiki hata chembe, shingo imesimama, kazi yote inafanywa na kiuno. Kinakwenda huku, kinakwenda huku, taratibu, maandazi yasimwagike.

Na Jumamosi hiyo alikuwa anakwenda kumposa Perpetua, mdogo wake Gaspari.

"Sado, ingia ndani nikuonyeshe mara moja tu," Gaspari akamwambia. "Wiki nzima nakubembeleza."

"Shemeji, mimi siendi kwenye mashindano ya kutembea. Naenda kuoa."

"Bado hujawa shemeji. Kizingiti kitakuaibisha."

"Kwa lipi? Mimi na Pepe tunapendana tangu ananiibia maandazi kwenye sinia. Kizingiti kimetoka juzi." Akatupa bunzi la hindi. "Mama yangu alinifundisha kutembea. Nikija kwako nikafundishwa tena, nitamwambia nini? Kwamba alikosea?"

Wakatoka kuelekea barabarani, na Sadoki, kama alivyozoea, akamshika Gaspari mkono huku anaendelea na stori. Zamani wanaume wote wa mji huu walikuwa wanatembea hivyo, vidole vimeshikana, umbea unaendelea mpaka safari inaisha. Tangu kizingiti kije, mikono yote ikaingia mifukoni. Sadoki peke yake ndiye aliyekuwa hajapata taarifa.

Gaspari aliuchomoa mkono wake, akajifanya anajikuna shingo.

*

Jumamosi Bigwa palinoga. Turubai limefungwa, wanawake ndani wanashughulika na wali wa nazi na kuku, Perpetua yuko chumbani amezuiwa kutoka lakini jicho liko dirishani. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba wao, Kobelo, alikuwa ameketi kwenye kiti cha katikati na koti lake la suti, jasho linamtoka na hataki kulivua.

Kizingiti kilisimama katikati ya uwanja. Aliyekileta alikuwa mama mmoja wa makamo, ana miwani na kofia ya jua, anaangalia saa kwa sababu ana shughuli nyingine Kichangani.

Mshenga wa Sadoki, mzee Bwango, alikizunguka kile chuma kama anakagua ng'ombe. "Mama, hiki kinajuaje mambo ya ndani ya mtu?"

"Kilijifunza, baba. Walichukuliwa watu wakaonyeshwa video za wapita njia, maelfu kwa maelfu. Wakaulizwa, huyu unamwonaje? Wakabonyeza. Kizingiti kikashika."

"Na hao waliobonyeza walijuaje?"

"Waliangalia."

"Wakaona nini?"

"Baba," mama akasema, "mimi nakodisha tu."

Watu wakacheka. Sadoki naye akacheka, na akiwa bado anacheka akapita. Shati jeupe, viatu vipya, kichwa kimetulia juu ya shingo, na kiuno kikafanya kile kile cha siku zote. Akataja jina lake.

Taa ikawaka papai.

Kijiko kilianguka jikoni watu wote wakakisikia. Kuna mtu nyuma akaanza kucheka akageuza kikohozi.

"Kuku kapita," mzee Bwango akasema haraka. "Nimemwona, kapita kuku hapo chini. Kimesoma kuku."

"Apite tena," akasema Mjomba.

Sadoki akapita tena, safari hii hacheki. Papai.

Mjomba Kobelo akavua koti. Akalikunja, akaliweka magotini, akakaa anawaza, na mtu aliyekuwa karibu angeona kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa anatafuta kitu.

"Tusimwonee mtoto wa watu," akasema. "Mashine ni mashine, inaumwa kama sisi. Gaspari, njoo upite wewe. Wewe tunakujua, umezaliwa hapa. Kikikupa papai na wewe, basi tumejua kizingiti ni kibovu. Mama anafunga chuma chake, sisi tunakula wali."

Watu wakapumua. Ilikuwa akili nzuri. Perpetua dirishani akashika pazia kwa mikono miwili.

Gaspari akasimama. Alipompita Sadoki, Sadoki akamnong'oneza bila kugeuka. "Gaspa, legea. Pita kama mimi. Igiza tu."

Igiza tu. Maskini Sadoki hakujua anaomba nini. Mtu mwingine yeyote pale angeigiza: angekata kiuno, watu wangecheka, papai lingewaka, mambo yangeisha kwa wali. Lakini Gaspari hakuwa na cha kuigiza. Alikuwa na mwendo wake mwenyewe, ule wa kwenda bombani, alioufukia kwenye reli. Leo alikuwa anaombwa aufukue mbele ya mama yake, mjomba wake na mtaa mzima wa Bigwa. Je, kama taa ikiwaka papai na watu wasicheke? Kama kuna mmoja, mmoja tu, akaangalia akasema moyoni, ahaa? Na akishasema ahaa kwa Gaspari, atashindwa kumfikia Method?

Alianza akiwa ameamua. Haki ya Mungu alikuwa ameamua. Alisema, nikifika kwenye fremu nalegea. Akafika. Mabega yakajiweka sawa yenyewe. Mguu ukatua mbele ya mguu. Kiuno kikalala kama mbwa aliyefundishwa.

"Gaspari Mkude," akasema, sauti ya chini, nzito, safi.

Kijani kiliwaka kabla hajamaliza jina.

Shangazi mmoja jikoni, ambaye hakuwa anafuatilia, aliona kijani akapiga kigelegele. Akasikia yuko peke yake, akakikata katikati.

Mjomba akaliangalia koti lake. "Basi," akasema. "Kizingiti kizima."

Sadoki alimpa mama yake Gaspari mkono wa kwaheri kwa heshima, akainamisha kichwa kwa Mjomba, akatoka getini na mwendo wake ule ule. Watu wote wakaukodolea macho kama ndiyo wanauona kwa mara ya kwanza, wakati amekatiza uwanja ule tangu ana miaka sita, na maandazi yake wameyala.

*

Asubuhi yake Gaspari alimkuta dada yake uani anachambua mchicha. Macho yamevimba lakini mikono inafanya kazi.

"Pepe."

"Kaa, kaka. Chambua na wewe."

Wakachambua.

"Nilikuwa na neno jana," Perpetua akasema. "Uliposimama kwenda kupita. Lilifika hapa." Akagusa koo. "Ningelitoa, Mjomba angejua kijani si kitu. Lakini halikuwa langu."

Gaspari akaacha mchicha. "Unajua tangu lini?"

"Ukiongea na Method kwenye simu unakuwa na sauti ya mtu aliyevua viatu. Na sisi hatuisikii hiyo sauti. Mimi huwa naisikia ukutani." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilidhani utalegea."

"Na mimi nilidhani."

"Najua. Nilikuona ukianza. Nikasema huyo, huyo kaka yangu. Halafu ukanyooka."

Hapo ndipo Gaspari alipoona heri angetukanwa. "Sado anasemaje?"

"Kanipigia. Anasema nisikulaumu, ulijitahidi, ila wewe huwezi kutembea vibaya hata ukitaka." Akajaribu kucheka ikashindikana. "Kwenye nyavu wameshamwambia apumzike. Mtu mwenye papai asipande mlimani na wenzake, eti wanalala hema moja. Anawaza kwenda Sumbawanga kwa baba yake mdogo. Mimi nimemwambia tuondoke wote. Kakataa. Anasema hataki nitoroshwe kama mwizi, anataka kunioa mchana kweupe."

"Nitaongea na Mjomba."

"Utamwambia nini?"

"Ukweli. Kwamba kimenipa kijani mimi, na mimi ni hivi. Basi hakijui kitu."

Perpetua hakumwambia nenda, hakumwambia usiende. "Lini?" akauliza tu.

"Wiki hii."

Na kweli alikuwa anamaanisha. Jumatatu kulikuwa na darasa, na baada ya ile Jumamosi wanafunzi walijaa mpaka nje ya ghala, maana habari ya kijani kile cha haraka ilishazunguka kwenye magrupu yote ya simu. Kesho yake mvua. Kesho kutwa akafika mpaka njia panda ya kwa Mjomba, simu ikaita, Method, na Method akasikiliza yote, kisha akasema, "Sikukatazi. Ila ukishasema nijulishe, nijue kama nirudi njia hiyo au nisirudi." Gaspari akageuza. Wiki hii ikawa wiki ile. Alipokuja kusimama mlangoni kwa Mjomba, Sadoki alikuwa ameshapanda basi la Sumbawanga, na namba yake ya simu haipatikani.

*

Mjomba Kobelo alikuwa shambani kwake nyuma ya nyumba anapunguzia migomba. Aliposikia shikamoo akajibu marahaba bila kuacha panga. Gaspari akasema hapo hapo, wima, maana alijua akikaa hatasema tena.

"Mjomba, kizingiti kilikosea. Si kwa Sadoki tu. Kwangu mimi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kupata papai. Mimi napenda wanaume. Tangu mtoto. Sadoki hayumo kabisa, kile kiuno ni cha sinia la maandazi."

Panga likasimama. Gaspari alikuwa ameshajiandaa kwa yote: kofi, laana, mama yake kuitwa.

Mjomba akalichomeka panga kwenye mgomba, akaja, akamwekea mkono begani.

"Una roho ya mama yako," akasema. "Unajua mama yako alikubali wizi wa kuku wa watu ili dada yake asipigwe? Akachapwa yeye. Kuku mwenyewe alipatikana kesho yake, yuko hai, anatamia."

"Mjomba, mimi sijisingizii."

"Nilikuwepo, Gaspari. Kijani kiliwaka mbele ya macho yangu."

"Ndiyo nakwambia kilikosea."

"Utasemaje kingine? Kikiwa kimekosea kwako, kimekosea na kwa rafiki yako. Umekaa chini ukapiga hesabu, ukaona njia ni kujipaka matope mwenyewe. Ni akili, na ni upendo. Lakini mimi mzee, sidanganyiki hivyo."

"Mjomba, mimi mwenyewe ndiye ninayesema. Nani anajua kuliko mimi?"

Mjomba akacheka kidogo, kwa upole. "Haya. Tembea. Toka hapa mpaka mgomba ule wa mwisho. Tembea hivyo unavyosema ulivyo, nione."

Gaspari akageuka akaanza kwenda. Aliutafuta ule mwendo. Aliuita kwa jina lake, akaitafuta njia ya bombani, ndoo, miguu pekupeku, mtoto yule alivyokuwa anakwenda na furaha yake kabla hajachekwa. Haukuja. Akajaribu kuvunja kiuno, kikavunjika kama cha mtu anayechezea utani. Akajaribu tena. Mgomba wa mwisho ukafika, na nyuma yake nyayo zake kwenye udongo mbichi zilikuwa mstari mmoja.

"Umeona?" Mjomba akasema. "Kijana wa watu umenyooka mpaka unasikitisha."

Gaspari hakugeuka haraka. Ndizi zilikuwa zinadondosha maji ya mvua kwenye majani.

"Nikwambie kitu," Mjomba akaendelea, na sauti ikashuka. "Siku ile, kabla hujapita, kama ungesimama ukasema neno lolote, ningelisikiliza. Lolote. Lile papai hata mimi sikulipenda. Mtoto yule nimemwona akikua. Wewe nilikuita upite kwa sababu nilikuwa natafuta pa kumpitishia. Taa ilipowaka kijani, nikafungwa mikono. Mbele ya watu wote wale, ningesema nini?"

Akachomoa panga, akalifuta kwenye suruali.

"Ila tusilie sana. Kuna watu wa Kichangani wanakuja Jumapili kwa ajili ya Perpetua. Kijana wao naambiwa ni mwanafunzi wako kule Kihonda. Msafwa mmoja, fundi umeme, Elizeusi. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anatembeaje?"

Gaspari alikuwa amesimama kwenye mgomba wa mwisho. Alimfahamu Elizeusi. Alimfundisha mabega, alimfundisha kiganja, na siku moja baada ya darasa Elizeusi alibaki nyuma akaanza kumwambia jambo, na Gaspari akamkata akamwambia nenda nyumbani, hilo usimwambie mtu.

Mjomba alikuwa anasubiri.

"Amenyooka," Gaspari akasema.